Kuluthum wa Betri na Mshale Usiorudi Kwenye Sifuri

Saa mbili asubuhi, Kuluthum binti Athmani anainamia meza iliyotobolewa na tindikali, anapulizia pumzi kioo cha mita yake ya kupimia betri, kisha anakifuta kwa kidole. Hatumii kitambaa. Kioo kikisuguliwa kwa kitambaa kikavu, anasema, mshale wa ndani huinuka wenyewe na kubaki juu, na mtu asiyejua atadhani hewa ya Nakuru ina stima.

Nje ya kibanda chake, hapa mtaani Bondeni, injini ndogo ya mafuta ya taa inakohoa. Vumbi jeupe la Nakuru, ambalo halimheshimu mtu wala chakula, linaingia kupitia kila ufa. Ukutani zimepangwa betri kumi na nne: ndogo za redio, kubwa za malori, na moja ya trekta ambayo mwenyewe aliileta mwezi wa Juni na hajaonekana tena.

Anaburuta betri ya lori hadi mwangani. Ina vyumba vitatu, na kila chumba kina vichwa vyake viwili vya madini ya risasi juu. Anaweka waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye cha hasi. Akizibadilisha, mshale utapiga kinyume na kugonga ukingo, na akiufanyia hivyo mara nyingi atauvunja.

Mshale unapanda. Kuluthum hausomi bado. Kwanza anabonyeza kibalbu kidogo kilichofungwa kando ya betri mpaka kinawaka, kisha anasubiri.

"Betri ikikaa bure, kila moja ni nzima," anasema. "Ipe kazi kidogo ndiyo utaijua."

Sasa anafumba jicho moja na kusogeza kichwa taratibu juu ya mita. Chini ya mshale kuna utepe mwembamba wa kioo cha kujitazamia. Ukiona mishale miwili, wa kweli na wa kwenye kioo, umekaa upande. Unasogea mpaka mshale unakifunika kivuli chake mwenyewe, na hapo ndipo unasoma. Anasoma, anachukua chaki, na kuandika ubavuni mwa betri: 2.1.

Anaiangalia ile namba kwa muda. Anaanza kuifuta, anasita, anaiacha.

"Bado nataka kutoa," anasema, na kucheka peke yake.

Hicho anachotaka kutoa ndicho kilichomfunga dereva mmoja wa Molo siku tisa, na ndicho kitakachompeleka Kuluthum mbele ya kadhi Jumatatu ijayo.

*

Kuluthum ana umri wa miaka thelathini na minane. Baba yake alitoka Mombasa na reli, akafika Nakuru akiwa mpiga nyundo wa karakana, akaoa na kufia hapa hapa. Ana kaka mmoja aliyerudi pwani, ambaye humwandikia kila Idi. Watoto hakujaliwa.

Mwaka wa 1946 aliolewa na Darweshi, fundi aliyekuwa amerudi kutoka vitani Burma na mambo mawili: kikohozi na mita. Mita hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye mkanda wa ngozi. Kwa ile mita Darweshi alifungua kibanda, wa kwanza Bondeni kuchaji betri za watu, na leseni ikaandikwa jina lake.

"Alinifundisha kwa sababu alichoka kukaa kimya," Kuluthum anasema. "Alikuwa mtu wa maneno. Wateja wakiondoka, anabaki na mimi tu."

Siku moja Darweshi aliifungua mita ili mkewe aone ndani. Palikuwa na sumaku iliyopinda mfano wa kwato la farasi, na katikati ya ncha zake kakiunzi kadogo kamezungushiwa waya mwembamba mno. Stima ikipita ndani ya ule waya, kakiunzi hutaka kugeuka, kwa sababu sumaku inakasukuma. Lakini juu na chini kuna springi mbili, nyembamba kama unywele, zinazokavuta karudi. Pale nguvu mbili zinapolingana, mshale unasimama. Stima ikiwa nyingi unasimama mbali, ikiwa kidogo unasimama karibu.

Na kabla stima haijafika pale, inapitishwa kwenye waya mrefu mgumu wenye kuibana, ili mita ionje tu na isiinywe betri yenyewe.

"Nilimuuliza, sasa nani anamrudisha mshale nyumbani? Akasema, hizo springi. Na kama hazikumfikisha, kuna skrubu hapa mbele ya kumalizia."

Mwisho wa mwaka wa 1950, habari za bwawa kubwa linalojengwa Jinja zilikuwa zimeenea katika kila kituo cha reli. Mafundi wa stima walitafutwa, na mshahara ulitajwa kwa sauti ya chini. Darweshi akasema ataenda miezi sita.

Wiki moja kabla ya safari, mteja aligonga meza kwa kiwiko na mita ikaanguka. Haikuvunjika. Ila tangu siku ile mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulilala vijistari viwili juu yake, yaani pointi mbili za volti, hata pale mita isipoguswa na kitu.

Kuluthum alichukua bisibisi. Darweshi akamshika mkono.

"Alisema, 'Wewe usiguse hiyo skrubu, springi ni unywele, utaikata. Niachie. Nikirudi nitairekebisha. Kwa sasa wewe soma, halafu toa mbili.'"

Aliondoka Januari ya 1951, kwa treni ya asubuhi, na kofia mpya.

*

Barua zilikuja tatu. Ya kwanza ilikuwa na hawala ya pesa, ya pili ilikuwa na pole, ya tatu ilikuwa na salamu. Hiyo ya tatu ni ya Desemba 1951. Ya nne Kuluthum anaisubiri hadi leo, kwa namna ambayo mtu husubiri jambo alilokwisha kulikatia tamaa.

Alibaki na kibanda. Mwanzoni wateja walikuja, wakachungulia, wakauliza fundi yuko wapi. Akiwajibu kwamba fundi ni yeye, wengine walicheka na wengine waliondoka. Waliobaki waligundua kwamba betri za mama huyu hazilali njiani. Hatumii maji ya bomba, maana maji ya bomba ya Nakuru yana chumvi na huua betri mapema. Hukinga maji ya mvua kwenye bati na kuyachuja kwa kipande cha kanga.

Siku hizi hutoza shilingi moja kwa betri ya redio na mbili na nusu kwa ya lori. Mwezi mzuri hupata kama shilingi themanini, na nusu yake huishia kwenye mafuta ya injini na tindikali. Nguo zake zote zina matundu. Anasema amezoea kuchagua kanga kwa kuangalia tundu liko wapi.

Na kila siku, kila betri, alisoma na kutoa mbili. Mshale ukisema mbili na pointi mbili, yeye anaandika mbili. Ukisema mbili kamili, anajua ni moja na pointi nane, betri hiyo imekufa, irudi kwenye chaji. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Ile kutoa ikaingia mwilini, ikawa haifikirii tena, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi wa nyumbani kwake.

Mwaka wa 1954 alipita mtu anayeitwa Shariff, mpishi wa behewa la chakula kwenye treni ya Kampala, ambaye zamani alikuwa akicheza bao na Darweshi. Alikuja kibandani mchana, akakataa kuketi, kisha akaketi.

"Bi Kuluthum, nimemwona mzee," alisema. "Sokoni Jinja. Amenenepa. Ana duka la kutengeneza redio."

Kuluthum alimwekea chai. Shariff aliikoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Alikuwa na mtoto mabegani," akasema mwishowe. "Mtoto anamwita baba."

"Aliniulizia?"

Shariff akainywa chai yote kwa mkupuo mmoja. Kuluthum akamwongeza chai.

Baada ya siku ile, bila shaka angeweza kuchukua bisibisi. Alijaribu. Anasema aliichukua mara nne au tano katika miaka hiyo, akaiweka kwenye mfereji wa skrubu, na kila mara mkono ukakataa.

"Nilijua kila kitu. Ila nikishika bisibisi naona kama nitakuwa nimemfukuza mimi. Sasa amekwenda mwenyewe. Nikigeuza, nitakuwa nimemfungia mlango."

Bondeni ni mahali pa watu wengi, na mtu anaweza kukaa humo akiwa mpweke kuliko mchungaji wa milimani. Majirani walimheshimu, wakamwita mke wa fundi, na kwa heshima hiyo hiyo wakaacha kumuuliza chochote. Harusini alikaa na wenye waume. Msibani alikaa na wajane. Hakuna aliyejua amweke wapi, na yeye mwenyewe hakujua.

*

Julai mwaka huu wa 1957, baridi iliyoteremka kutoka Molo ilimpata kifuani. Alilala siku nne kwa homa ya mapafu, haoni vizuri, na betri za watu zikiwa zimepangwa zinasubiriwa.

Ng'ambo ya njia huuza samaki wa kukaanga mama anayeitwa Anyango, ambaye mumewe ni mchochea moto wa garimoshi. Yeye ndiye aliyemletea uji, na yeye ndiye aliyejitolea kuangalia kibanda. Alikuwa amemwona Kuluthum akipima mara elfu moja. Waya mwekundu huku, mweusi kule, washa kibalbu, funika kivuli.

"Nikamuuliza, 'Dada, nitajua namna gani kama iko sawa?'" Anyango anasimulia, mikono yake ikiwa na unga hadi kiwikoni. "Akaniambia kutoka kitandani, 'Mbili ni nzima.' Basi. Mimi nikatafuta mbili."

Aliwakabidhi wateja betri kumi na moja. Kila moja aliipima kwa uangalifu kuliko hata mwenyewe, na ubavuni akaandika kwa chaki kile mshale ulichosema.

Kuluthum hakumdanganya. Alisahau tu. Alikuwa ametoa mbili miaka sita na nusu, hata hakumbuki kwamba anatoa.

Miongoni mwa zile kumi na moja ilikuwemo betri ya lori la viazi la shamba moja huko juu Molo. Dereva wake ni Nderitu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye kwa miaka minne aliteremsha viazi hadi stesheni ya Nakuru, akaacha betri moja na kuchukua nyingine.

Siku hiyo lori liliwaka Nakuru bila shida. Elburgon alisimama kuchukua magunia matupu, akazima injini. Aliporudi, halikuwaka. Alizungusha hendeli mpaka mikono ikafa ganzi, lakini betri haikuwa na nguvu hata ya kutoa cheche. Magari mawili yalipita bila kusimama. Saa kumi na mbili ikagonga na jua likazama.

Kwa mtu mwingine, hapo ingekuwa ni kulala kwenye lori na kulaani baridi. Nderitu ni Mkikuyu, na hii ni Hali ya Hatari, ambapo Mkikuyu hatembei bila kibali. Barua ya ruhusa aliyobeba ilisema awe amerudi shambani kabla ya saa kumi na mbili. Doria ilimkuta barabarani saa moja kasorobo, na maelezo ya betri hayakumsaidia. Alikaa ndani siku tisa.

Tajiri wake ndiye aliyemtoa. Lakini lori lilikuwa limekwisha kupewa mtu mwingine, na Nderitu akapelekwa ghalani kuchambua viazi pamoja na akina mama, kwa nusu ya mshahara.

*

Kuluthum hakujua lolote la hayo. Alipona, akarudi kazini, akashangaa tu kwamba dereva wa Molo sasa ni mtu mwingine asiyesalimia.

Alhamisi moja ya Agosti, kabla ya adhuhuri, Nderitu alitokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Aliketi juu ya debe bila kukaribishwa.

"Mama, mimi sikuja kugombana," alisema. "Nataka kujua kitu moja tu. Ile siku, betri ilikuwa mzima ama haikuwa?"

"Siku gani?"

Akamweleza, kuanzia Elburgon hadi ghalani. Alieleza kwa sauti yake ile ndogo, bila kulaumu, akiangalia mikono yake.

"Mkubwa anasema nililala na taa zikiwaka, betri ikaisha. Mama, sikuwasha taa hata moja. Lakini nimeulizwa mara mingi, huko ndani na huko shamba, mpaka sasa mimi mwenyewe sijui. Pengine niliwasha. Nataka tu kujua kichwa yangu iko sawa."

"Chaki," Kuluthum alisema. "Ubavuni iliandikwa nini?"

"Mbili, mbili, mbili. Nilisoma mwenyewe."

Kuluthum akaigeukia mita. Mbili ya Anyango ilikuwa moja na pointi nane. Vyumba vitatu, vyote vimekufa, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema kutoka kitandani kwamba mbili ni nzima.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine Nakuru nzima aliyejua ule mshale unalala wapi. Angeweza pia kusema Anyango alisoma vibaya, na Anyango angekubali, maana hadi leo anaamini macho yake hayafai. Kuluthum alitoka nje akamwita avuke njia, ili asikie na yeye.

"Si Anyango," aliwaambia wote wawili. "Anyango alisoma sawasawa. Ni mita. Mita inasema zaidi. Ona, hapa haijaguswa na kitu, na mshale haukai kwenye sifuri."

Nderitu aliinama akaangalia. Aliangalia muda mrefu.

"Imekuwa hivi siku ngapi?"

"Miaka sita na nusu."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Hii si inatengenezwa?"

"Kwa skrubu hii hapa. Mwenye mita alisema nisiiguse mpaka arudi."

"Ako wapi?"

"Jinja."

"Anarudi lini?"

Swali jepesi namna hiyo, ambalo mtu yeyote Bondeni angeweza kumuuliza akinunua chumvi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu. Anyango alitazama chini. Injini ilikuwa imezimwa.

"Harudi," Kuluthum akasema.

Hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya mtu, wala akiwa peke yake. Akalirudia: harudi. Kisha akavuta droo, akachukua bisibisi, akaiweka kwenye skrubu na kugeuza. Robo ya mzunguko haikufika. Mshale ulitetemeka, ukashuka, ukakaa kwenye sifuri. Springi haikukatika.

"Hata dakika haikumaliza," Anyango anasema. "Ndiyo akaanza kulia. Alilia kama mtu wa msiba, na mimi nikalia, na huyo baba wa watu amekaa kwa debe hajui afanye nini."

Nderitu alisubiri mpaka wakamaliza. Halafu akasema, "Mimi nililala ndani siku tisa kwa sababu ya hiyo kitu kidogo?"

"Ndiyo."

"Sawa. Basi andika hiyo kwa karatasi, mama. Mkubwa asome."

*

Aliandika. Barua ilisema kwamba kosa lilikuwa la mita ya kibanda, kwamba mwenye kibanda alilijua kosa hilo, na kwamba dereva hakuwasha taa. Alijua maana yake. Hakuna fundi anayeandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba vipimo vyake ni vya uongo, akategemea wateja wabaki.

Wanne hawakubaki. Nderitu alirudishiwa lori, ila kwa siku moja tu ya wiki, Alhamisi, na tajiri akasema mengine yatafikiriwa baada ya mavuno. Sasa kila Alhamisi huja, huvua kofia, hufumba jicho moja na kuusoma mshale mwenyewe kabla ya kupokea betri. Kuluthum humwachia nafasi mezani. Anasema ana haki hiyo.

Wiki ile ya kwanza baada ya kugeuza skrubu ilikuwa ya vichekesho. Mwili wake uliendelea kutoa mbili. Betri nzima aliziona mbovu na kuzirudisha kwenye chaji, mpaka siku ya tatu kibanda kikajaa harufu kali ya tindikali inayochemka, na Anyango akaja mbio akidhani kunaungua.

"Nilikuwa nazipika," Kuluthum anasema. "Nimezoea kila kitu kiwe pungufu kuliko kinavyosema."

Lakini barua ilikuwa imeenda mbali zaidi. Ilipelekwa ofisini kunakotolewa leseni za vibanda, na mwanzoni mwa Septemba Kuluthum akaitwa. Alibeba mita kwa mkanda wake begani. Karani, kijana mwenye adabu, aliitazama, akaona mshale uko kwenye sifuri, akasema hilo limekwisha. Kisha akafungua faili.

"Mama, leseni si yako. Ni ya Darweshi. Mwenyewe aje atie sahihi."

"Haji."

"Basi alete barua."

"Haandiki."

Karani alifikiri. "Amekufa?"

"Hapana. Ana duka la redio."

Kuluthum anasema kijana yule aliona haya badala yake. Alimweleza kwamba kibanda hakiwezi kuandikwa jina la mke wakati mwenye leseni yuko hai na hajakubali. Akitaka jina lake liingie, alete cheti cha talaka. Alimwandikia miezi mitatu. Ikifika Desemba bila cheti, kibanda kitatangazwa wazi, na mwombaji wa kwanza atakichukua.

Ndiyo maana Jumatatu anakwenda kwa kadhi. Shariff amekubali kuja kusema alichokiona sokoni Jinja. Alisitasita, akidai mambo ya nyumba za watu si yake, mpaka Kuluthum akamkumbusha kwamba ni yeye aliyeyaleta mezani pake. Atafika kwa treni ya Jumapili.

Kuluthum amekwisha kuuliza wanaojua. Kadhi atataka kufahamu tangu lini mume hayupo, kama alituma matumizi, kama alituma neno. Jioni, akifunga kibanda, hujibu maswali hayo kwa sauti, akiwa peke yake, ili yasimkwame siku yenyewe. Januari hamsini na moja. Hawala moja. Barua tatu.

Hataki kudai kitu. Sio nyumba, sio matumizi ya miaka iliyopita. Anataka karatasi. Akiipata, ataipeleka kwa yule karani siku hiyo hiyo, na kabla ya mwaka kwisha kibanda kitakuwa chake kwa jina.

Anafikiri atapewa. Hilo halimtishi. Akiulizwa kinachomtisha, anaufunga mkanda wa sanduku la mita, anaufungua, anaufunga tena.

"Miaka yote hii nilikuwa namsubiri mtu. Hata kama ni ujinga, ilikuwa kazi. Jumatatu nikitoka pale, sitakuwa namsubiri mtu yeyote."

Na baada ya hapo, anataka nini?

Anasema anataka injini kubwa zaidi, ya kuchaji betri thelathini kwa mpigo. Anataka paa lisilovuja upande wa tindikali. Anataka Nderitu apewe lori lake siku zote sita, na kwa hilo yuko tayari kuandika barua nyingine. Halafu anaiinamia betri inayofuata, na mtu aliye naye anadhani amemaliza.

"Nataka nikifika nyumbani jioni," anasema, "mtu aniulize, leo umechaji ngapi? Hata kama hajui betri ni nini. Aniulize tu."